Jinsi ya Kubandua Povu Gumu la Kuhami Joto Kwenye Mabati na Vyuma Vilivyookolewa

Paneli ya chumba cha baridi kilichobomolewa ni mali kwa fundi anayejua kuitumia, na vivyo hivyo mlango wa friza, ganda la hita ya maji au ukuta wa lori la kubebea bidhaa zilizogandishwa. Ndani ya kila kimojawapo mna bati zuri, mara nyingi lenye zinki na rangi iliyookwa kiwandani, ambalo upande wake wa ndani haujawahi kuona mvua wala jua. Kinachomzuia mtu kulitumia ni povu la manjano lililong'ang'ania juu yake, ambalo ukilivuta kwa mkono hukatika katikati na kuacha nusu yake palepale lilipokuwa.

Ukaidi huo unatokana na namna povu lenyewe linavyozaliwa. Povu la poliurethani humiminwa kati ya mabati mawili likiwa bado majimaji; kemikali mbili hukutana, hupashana joto zenyewe, huumuka mpaka zikajaza nafasi yote, kisha huganda zikiwa zimeshika kila mkwaruzo na kila chembe ya rangi iliyo mbele yake. Kwa hiyo hakuna gundi ya pembeni ya kutafutiwa dawa, kwa kuwa povu lenyewe ndilo gundi. Tena likishaganda haliyeyuki upya, si kwa joto wala kwa vimiminika ambavyo mafundi wengi wanavyo kwenye rafu. Asetoni inayosafisha vizuri povu la kopo lililotoka kupulizwa dakika tano zilizopita haifanyi lolote la maana kwa povu lililoganda miaka kumi.

Njia ninayoieleza hapa inasimama juu ya jambo moja, nalo ni kulitazama povu hilo kama vitu vitatu vilivyopandana. Juu kabisa kuna mwili, yaani povu jepesi lililojaa vishimo vya gesi, lenye uzito wa kilo 30 hadi 45 hivi kwa mita ya ujazo, ambalo msumeno wowote hulikata bila shida. Chini yake kuna ngozi, tabaka la milimita chache lililo zito na gumu zaidi, kwa sababu hapo povu lilikutana na chuma baridi likashindwa kuumuka sawasawa. Chini ya ngozi kuna utando, mwembamba kama karatasi, wenye rangi ya kahawia na mng'ao kidogo, ulioshikana na rangi au zinki moja kwa moja. Kila tabaka lina kifaa chake. Wanaokata tamaa kwa kawaida ni wale waliochukua kifaa kimoja wakataka kimalize yote matatu.

Jua kwanza ulicho nacho

Si kila povu ni poliurethani, na kosa la kulitambua linaweza kukugharimu siku nzima. Chukua punje ya povu yenye ukubwa wa kucha, idondoshee matone machache ya asetoni ndani ya kifuniko cha chupa, kisha ngoja dakika moja. Polistirini, lile povu jeupe la vipira vidogo vilivyobanana, husinyaa mbele ya macho yako na kugeuka ute unaonata, na ikiwa hilo ndilo ulilo nalo, kazi yako ni nyepesi, kwa kuwa hapo mara nyingi bati lilibandikwa kwa gundi, povu lote huondoka kwa msumeno au kwa waya wa moto, na mabaki hufutwa kwa kitambaa chenye asetoni. Poliurethani hukaa vilevile ndani ya kifuniko, pengine ikavimba kidogo tu. Huwa na rangi ya krimu au manjano inapokuwa mpya, na hugeuka kahawia na kuwa unga pale jua linapoigusa.

Kuna na povu la fenoli, lenye rangi ya waridi au kahawia, linalovunjika kama udongo mkavu ukilisugua kwa vidole. Hili hubanduka kwa urahisi zaidi, lakini mara nyingi huwa na mabaki ya asidi iliyotumika kuligandisha, na likipata unyevu asidi hiyo hula chuma. Ukilikuta, tegemea kukuta kutu chini yake, na osha bati kwa maji mengi mara tu unapolimaliza.

Onyo moja halina mjadala. Ukifungua tangi au bomba la zamani ukakuta kitu cha kijivu au cheupe chenye nyuzinyuzi kama pamba iliyoganda na plasta, acha, usikikwangue, usikipige brashi. Huenda ikawa asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye mafunzo na vifaa vyake.

Kwa friji na friza kuna jambo la kutangulia kabla ya povu. Gesi ya kwenye mabomba ya kompresa itolewe na fundi wa friji mwenye mashine ya kuivuta, kwa sababu gesi za zamani huharibu tabaka la ozoni, na mashine nyingi za siku hizi hutumia isobuteni, ambayo hushika moto. Povu lenyewe pia lina gesi ndani ya vishimo vyake. Friji za zamani ziliumuliwa kwa gesi aina ya CFC-11, ambayo matumizi yake yalikomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zilizoendelea zikimaliza kufikia 1996 na nchi nyingine kufikia 2010. Nyingi za baadaye ziliumuliwa kwa saiklopenteni, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 49 na ambacho mvuke wake hushika moto na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, sakafuni na mashimoni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kufanyia kazi hii nje au mahali penye upepo wa kupita. Ndiyo pia sababu ya kulitoa povu kwa vipande vikubwa badala ya kulisaga, kwa kuwa kila kishimo unachokivunja kinaachia gesi yake.

Mwisho, weka sumaku juu ya bati. Ikishika, ni chuma cha kawaida, ingawa baadhi ya vyuma vya pua navyo hushika sumaku. Isiposhika, una alumini au chuma cha pua, na uchaguzi wa brashi na dawa utabadilika kama tutakavyoona.

Kwa nini moto si njia

Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kuliwasha povu likaungua lote, na nakiri lilinijia hata mimi. Bati langu la kwanza, lenye urefu wa mita mbili, nililipitishia tochi ya gesi. Povu lilikwisha kwa dakika chache, lakini lilichoacha ni masizi meusi yaliyoshika kuliko povu lenyewe, rangi iliyopasuka, na bati lililojikunja kama jani kavu, maana bati la nusu milimita halihimili joto la sehemu moja bila kutanuka na kubaki limetuna.

Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na moshi. Poliurethani inapoungua hutoa monoksidi ya kaboni pamoja na sianidi ya hidrojeni, na sumu hizo mbili zikikutana humwangusha mtu haraka kuliko anavyodhani, hata akiwa nje na upepo ukigeuka. Zinki nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 419, ilhali mwali wa tochi unapita hapo mbali sana. Mvuke wake huleta homa ya mafundi, ile inayompata mchomeleaji wa mabati jioni baada ya kazi, akatetemeka usiku kucha kama mwenye malaria. Na hata ukipona vyote hivyo, bati limepoteza zinki yake, ambayo huenda ndiyo iliyokufanya ulitake.

Waya wa moto unaokata polistirini kama siagi nao haufai hapa. Poliurethani haiyeyuki mbele ya waya, huungua tu na kutoa moshi uleule.

Kuutoa mwili ukiwa mzima

Vaa barakoa ya vumbi ya daraja la P2 au zaidi, miwani iliyofunga pembeni, mikono mirefu na glavu nene. Vumbi la povu hili ni jepesi, hubaki likielea hewani, na huwasha ngozi na koo hata likionekana halina harufu.

Kama paneli bado ina mabati pande zote mbili, toa kwanza ribiti na mikunjo ya kingo, kisha tenganisha mabati kwa kukata povu katikati au, bora zaidi, karibu na bati moja. Kifaa ninachokipenda kwa kazi hii ni waya. Kebo ya ndani ya breki ya baiskeli, au waya wowote wa nyuzi zilizosokotwa wenye unene wa milimita moja hadi moja na nusu, hufungwa vipini vya mbao pande mbili. Watu wawili huushika, mmoja kila upande wa paneli, na kuuvuta huku na kule kama wapasua mbao, wakiulaza ukigusa bati. Nyuzi zilizosokotwa hufanya kazi ya meno ya msumeno. Siri iko kwenye kuvuta kwa zamu na kwa urefu wote wa waya, bila kuulazimisha kwenda mbele. Ukiulazimisha hupinda na kupanda juu, na mtaacha povu la sentimita mbili upande mmoja na milimita mbili upande wa pili. Mkiwa na subira, waya husafiri milimita tatu hadi tano juu ya chuma kutoka ncha hadi ncha, na kinachotoka ni ubao mzima wa povu.

Ubao huo usiuvunje. Bado unahami joto karibu kama ulivyokuwa, na utafaa kwenye dari, kwenye sanduku la kutunzia baridi au chini ya sakafu, mradi ufunikwe usipigwe na jua na ukae mbali na moto. Paneli ya unene wa sentimita 10 ina takriban kilo nane za chuma na kilo nne za povu kwa kila mita ya mraba, lakini kilo hizo nne zikisagwa hujaza magunia, kwa kuwa ni lita 100 za ujazo. Anayekata mbao za povu badala ya kulisaga amejipunguzia takataka kabla hata hajaanza kufikiria atazipeleka wapi.

Aliye peke yake atumie msumeno wa mkono wenye bapa refu na jembamba, au kisu kirefu cha meno, akiulaza bapa karibu na bati. Kwenye mabati yenye migongo, kata kwanza kwa kufuata vilele vya migongo, kisha rudi kwenye mabonde na kisu kifupi. Mabonde hayo ndiyo yatakayokula muda wako, na sijapata njia ya mkato.

Ngozi, mahali kazi ilipo

Hapa ndipo mikono hujifunza. Chukua kikwangulio chenye bapa pana la sentimita saba hadi kumi, gumu lisilopinda kirahisi, na kabla ya kuligusisha bati fanya mambo mawili kwa tupa: noa ukingo wake, kisha viringa pembe zake mbili kidogo ili zisichimbe. Bati lenye alama ya Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, yaani mikroni 20 hivi kila upande, ambayo ni chini ya unene wa unywele mmoja. Pembe kali moja ikiteleza hupita yote na kufika kwenye chuma cheusi.

Laza kikwangulio kiwe karibu na bati, pembe ya kama nyuzi 20 au 30, na usukume kwa mwendo mfupi ulio thabiti. Sikiliza. Bapa likiwa limeingia chini ya ngozi sawasawa, sauti huwa kavu na ya kupasuka, na ngozi hunyanyuka kwa vigae vya ukubwa wa kiganja. Likiwa limepanda juu ya ngozi, sauti huwa ya kukwaruza na kinachotoka ni unga mtupu. Ukisikia unga, usiongeze nguvu. Rudi nyuma, shusha mkono, tafuta tena ukingo wa kigae kilichotangulia na uanzie hapo. Anayeanzia ukingoni siku zote humaliza kabla ya anayeanzia katikati.

Hali ya hewa husaidia kuliko watu wanavyodhani. Povu na chuma havisinyai sawa kwa baridi. Povu husinyaa zaidi, na linapopoa huwa kavu na rahisi kuvunjika. Ngozi iliyogoma adhuhuri hubanduka alfajiri bati likiwa baridi. Vipande vidogo, kama bawaba, vishikio na fremu, viweke kwenye friza usiku kucha, kisha vitoe na uvigonge kwa nyundo ya mpira mara moja kabla havijapata joto. Wenye barafu kavu, ambayo ina nyuzi 78 chini ya sifuri, hupata matokeo ya haraka zaidi, ila isitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu hewa yake huondoa oksijeni, na isishikwe kwa mikono mitupu.

Njia iliyo kinyume cha hiyo, yaani joto dogo, nayo ina mahali pake pale ambapo povu limeshika rangi na si chuma chenyewe. Pulizia hewa moto upande wa nyuma wa bati, upande usio na povu, ili rangi ilainike na kuachia kutoka chini. Joto lisizidi nyuzi 100, na kipimo chake ni rahisi: nyunyiza tone la maji upande unaoupasha. Likikaa na kutoa mvuke taratibu, uko sawa. Likichemka na kuruka mara moja, umepita. Ukisikia harufu kali au kuona moshi, zima.

Kulikunja bati ili povu lijivunje

Kwa mabati yaliyonyooka, yasiyo na migongo, kuna ufundi ambao huokoa nusu ya kukwangua, nao unatumia udhaifu wa povu lenyewe. Chuma hukunjika kisha kikarudi. Ngozi ya povu haiwezi. Laza pipa la lita 200 chini, ulizuie lisiviringike, kisha lipitishe bati juu yake upande wenye povu ukiwa nje, ukilivuta taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine huku msaidizi akikandamiza upande wa pili. Ngozi huvutwa kuliko inavyoweza kuvumilia, hupasuka kwa mistari iliyokwenda sambamba, na vigae vingi huruka vyenyewe. Hapo ndipo miwani inapojilipa.

Ukubwa wa pipa si wa kubahatisha. Pipa hilo lina kipenyo cha karibu sentimita 58, na bati la chuma laini la nusu milimita linaweza kuzungushwa juu ya duara la kipenyo cha sentimita 40 hivi bila kubaki limepinda. Ukitumia bomba la inchi nne, bati litabaki na umbo la bomba. Mabati mazito ya milimita moja na zaidi yanahitaji duara kubwa zaidi ya hilo la pipa, kwa hiyo hayo yaache kwa kikwangulio.

Geuza bati uelekeo mwingine kama vipimo vyake vinaruhusu, upasue mistari ya kukatiza ile ya kwanza. Baada ya hapo kikwangulio hupita kwenye vipande vidogo vilivyokwisha kulegea.

Utando wa mwisho

Kabla ya kuushughulikia utando, jiulize bati hili linakwenda wapi. Likiwa ukuta wa banda na upande wenye mabaki ukielekea ndani ya fremu, utando usio na povu unaonyanyuka unaweza kubaki bila madhara. Likipakwa rangi, kuchomelewa au kubandikwa kwa gundi, utando wote lazima utoke, kwa kuwa rangi mpya hushika utando, na utando ukiachia huondoka na rangi. Kuchomelea juu ya mabaki ni kuyarudisha yale ya moto tuliyokwisha kuyakataa. Toa povu angalau sentimita 10 kila upande wa mahali pa kuchomea, na zinki pia iondolewe hapo.

Wengi hukimbilia grinda yenye brashi ya waya. Inafanya kazi, ila kwa mwendo wake wa kawaida wa mizunguko kama 11,000 kwa dakika hupasha utando mpaka ukapakaa kama lami na kugeuka mweusi, huku nyuzi za brashi zikichomoka na kuruka. Cheche zake pia hazifai karibu na rundo la vumbi la povu. Afadhali drili ya mwendo mdogo yenye brashi ya nailoni iliyochanganywa na msasa, au diski ya nyuzi za msasa zisizofumwa, ile laini inayofanana na sponji la kusugulia sufuria. Gusa kwa wepesi, songa daima, na ukiona rangi ya kahawia inaanza kung'aa, nyanyua ipoe. Kwa alumini na chuma cha pua tumia brashi ya chuma cha pua peke yake, na isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida. Chembe za chuma zinazobaki juu yake huota kutu na kuanzisha vidoa ambavyo watu hudhani ni vya alumini yenyewe.

Maji ya presha yana nafasi yake hapa pia, hasa kwenye mabonde ya migongo na pembe za ndani. Pua ya maji ielekezwe kwa mshazari, ianzie ukingoni mwa utando na isiwe wima juu yake. Weka wavu au kitambaa mahali maji yanapotokea, ukakusanye vipande, kwa maana povu huelea, huziba mitaro na hatimaye hufika mitoni.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi kwa sababu kazi nyingi haziihitaji. Dawa ya kubandua rangi yenye benzili alkoholi, ikipakwa nene, ikafunikwa kwa plastiki na kuachwa saa kadhaa, huilainisha rangi iliyo chini ya utando, na vyote viwili hutoka pamoja kwa kikwangulio cha plastiki. Ijaribu kwanza pembeni, kwani rangi zilizookwa kiwandani zina ukaidi tofautitofauti. Dawa za zamani zenye diklorometheni hufanya kazi haraka zaidi, na ndizo zilizoua mafundi waliofanyia kazi bafuni na vyumba vidogo. Mvuke wake ukiingia mwilini hugeuzwa kuwa monoksidi ya kaboni. Umoja wa Ulaya ulizizuia, na Marekani ilipiga marufuku kuziuzia raia wa kawaida mwaka 2019. Ukikuta kopo la aina hiyo stoo, usilifungue.

Kostiki soda inafaa kwa chuma cheusi kinene tu, kama fremu na bawaba, ambacho kinaweza kuloweshwa kwenye ndoo ya plastiki kwa siku moja au mbili, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji. Soda hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayatiwi kwenye soda. Isiguse alumini wala bati la zinki, kwa kuwa huzila na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Kulikagua na kuliandaa

Osha bati kwa maji ya sabuni, suuza, kisha mwagia maji safi huku limeinama. Maji yakitandaa kama shuka moja na kuteremka bila kukatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone au yakikwepa sehemu fulani, hapo kuna mafuta au utando usioonekana kwa macho. Weka alama kwa chaki, rudia msasa laini wa namba 120, na ujaribu tena. Ni jaribio la dakika moja, nami silipaki bati rangi bila hilo.

Likiwa bado na maji, tazama kutu. Paneli iliyowahi kutobolewa au kupasuka maungio hunywa maji taratibu, na povu lililolowa huyashikilia juu ya chuma miaka mingi, kwa hiyo sehemu mbaya kabisa huwa imejificha chini ya povu lililoonekana zima kwa nje. Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi. Panapokuwa na vishimo, chokoa kwa msumari. Ukipenya, kata sehemu hiyo uitupe, usijaribu kuiziba kwa rangi.

Mikwaruzo iliyopita zinki ipakwe rangi ya msingi yenye zinki nyingi siku hiyohiyo. Kwa bati zima la zinki tumia rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati, maana rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hufanya nayo kitu kama sabuni na kubanduka baada ya muda. Bati lililotoka kwenye povu lisitengenezewe jiko, tanuri wala kitu kingine cha kukaa motoni, hata likionekana safi namna gani.

Vipande vya povu na unga wake vitiwe kwenye mifuko iliyofungwa na kupelekwa panapopokelewa taka za aina hiyo, visichomwe wala visichanganywe na mbolea ya shamba. Mabati yaliyokauka yapange yakiwa yamesimama kidogo au yametenganishwa kwa vijiti, kwani mabati ya zinki yakilaliana na maji kati yake huota unga mweupe ndani ya wiki chache, na unga huo utakulazimu uanze upya na brashi.